Sabufa Mbili na Ukuta wa Mpunga

Mdogo wangu hajawahi kunipa kitu bure tangu tuzaliwe. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam kwamba amepakia mzigo wangu kwenye basi la Ifakara, risiva ya muziki na sinema, spika tano na sabufa mbili, sikumwambia ahsante. Nilimuuliza, "Una shida gani?"

"Sina shida, kaka. Bosi wangu anarudi kwao, kagawa vitu. Mimi napanga chumba kimoja, nitaviweka wapi? Nikasema kaka anapenda sinema."

"Mh."

"Mbona unaguna?"

"Koo linaniwasha," nikamwambia, nikakata simu.

Ndivyo nilivyo na sijifichi. Nilitunza stoo za watu miaka ishirini na ushee, na ukikaa stoo muda wote huo unajifunza kwamba mtu anayekusalimia kwa furaha kupita kiasi ana kitu chini ya koti. Nilipostaafu nilirudisha funguo, tabia nikaja nayo nyumbani. Mke wangu husema nikifika mbinguni nitaomba kwanza kukagua mlango una makomeo mangapi.

Sasa, sebule yangu. Kila mwaka tukishavuna kule Mchombe nauleta mpunga nyumbani na kuupanga sebuleni, nangoja bei ipande mvua zikianza. Wapo wanaoweka kwenye maghala ya watu. Mimi? Thubutu! Naupanga ukuta wa nyuma wote, safu mbili, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na kila gunia nalishona mwenyewe kwa fundo ninalolijua peke yangu. Nyuma ya magunia hayo kuna mlango unaoingia kwenye stoo ndogo ya uani, ambamo mke wangu anaweka mkaa na majembe. Mpunga ukishapangwa, mlango ule hautumiki mpaka tuuze. Tunazungukia nje.

Na mpunga ule ulikuwa na maneno yake, lazima niyaseme mapema. Binti yetu wa kwanza aliacha chuo cha ualimu amebakiza mwaka mmoja, akaenda Mlimba kuishi na mwanamume ambaye hata kuja kujitambulisha hakuja. Ada yake yote ilikuwa imetoka kwenye magunia. Niliwaka. Nilisema mbele ya wajomba na mashangazi zake kwamba kuanzia siku ile punje ya mpunga wangu haitaingia kwenye chungu chake, na yeye asikanyage kwangu. Akaondoka analia. Miaka mitatu hatukusemezana. Nilisikia juu juu kwamba ana mtoto. Nikasikia, mwaka ule ule ninaousimulia, kwamba shamba lao lilikwenda na mafuriko mpunga ukiwa unakaribia kukomaa. Nikisikia, nabadilisha mazungumzo. Mke wangu alinisihi mara mbili, mara ya tatu akaacha, na mimi nikadhani nimeshinda.

Basi, mzigo ukafika mwezi wa saba, magunia ndiyo kwanza yamepangwa. Risiva yenyewe ilikuwa sanduku zito, mgongoni ina matundu ya nyaya mpaka unachoka kuyatazama. Sabufa zilikuwa masanduku mawili meusi, kila moja na spika moja kubwa ya kutoa ile sauti nzito inayogonga kifuani. Nilijaribu kufunga mwenyewe, maana sikutaka mtu aingie kwangu kuangaza macho. Siku mbili nzima nimepiga magoti. Nilipowasha, msoma habari alisikika kana kwamba amekaa jikoni. Mke wangu alitoka jikoni kuthibitisha kwamba hayumo.

"Muite fundi," akasema.

"Fundi aje auone mpunga?"

"Baba, mpunga unaonekana mpaka barabarani. Mtaa mzima unajua."

Hilo nalo likawa jipya kwangu. Sikulifurahia hata kidogo.

Fundi nilimpata karibu na soko, mtu wa makamo, wazazi wake walitoka pwani wakafungua duka hapa siku nyingi. Mpole kupindukia. Upole ule ukanitia wasiwasi. Alivua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo mzee," kisha akatazama magunia, akasema, "Mashallah, mwaka huu mmevuna." Nikaliweka akilini hilo. Kwa dakika kumi alikuwa amegundua kosa langu: kwenye spika moja ya mbele waya mwekundu nilikuwa nimeupeleka kwenye mweusi.

"Hizi spika zilikuwa zinagombana, mzee. Moja inasukuma, mwenzake anavuta."

Akabadilisha, msoma habari akarudi kwenye televisheni yake. Nikamchukia kidogo.

Halafu akatoa kidude kidogo cheusi chenye waya mrefu. "Sasa tupime chumba," akasema.

"Nini hicho?"

"Maikrofoni ya risiva. Tunaiweka pale unapokaa. Spika zinapiga mlio, moja baada ya nyingine, risiva inasikiliza chumba kinavyorudisha sauti, kisha inajirekebisha yenyewe ilingane na chumba."

"Inasikiliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Ikishasikiliza inamwambia nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. "Haimwambii mtu. Inajiambia yenyewe."

Jibu gani hilo? Nilikaa karibu na kidude kile nimefunga mdomo.

Lakini kipimo kilikataa. Jirani yangu ana mashine ya kukoboa mpunga, na kila tukianza, risiva inaandika kwenye televisheni kwamba kelele ni nyingi. Tukangoja umeme ukatike ili mashine inyamaze. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, na risiva nayo ikazimika. Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi, na hapo, nakiri, nami nikacheka. Tukapatana aje Jumapili asubuhi, mashine ikiwa imefungwa na mtaa umekwenda kanisani.

Jumapili mke wangu akaenda ibadani, mimi nikabaki, nikamwomba Mungu radhi kimoyomoyo. Jogoo wetu alianza kuwika mara tu fundi alipochomeka maikrofoni, ikabidi nimkamate nimpeleke kwa jirani wa tatu, nikamwacha fundi peke yake ndani kama dakika kumi. Niliporudi alikuwa ameweka kigoda juu ya debe na maikrofoni juu ya kigoda, ifike usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. Tukatoka nje, tukasimama dirishani. Ndani mlio ukaanza, mwembamba, kisha mzito, kutoka spika hii hadi ile. Zamu ya sabufa ilipofika, kioo cha dirisha kilitetema mbele ya pua yangu. Tulihamisha kile kigoda mara sita. Watu wazima wawili, tumebana pumzi uani kwangu mchana kweupe!

Majibu yakaja, na hapo ndipo nilipomshika. Nilidhani hivyo. Risiva iliandika kwamba sabufa ya mbele iko mita saba kutoka kwenye kiti changu.

"Fundi, chumba hiki chote kutoka ukuta hadi ukuta hakifiki mita sita. Hiyo sabufa imekaa kwa jirani?"

"Mzee, haipimi kwa futi. Sabufa inachelewa kidogo kutoa sauti, risiva inauhesabu ule ucheleweshaji kama umbali, ili sauti zote zikufikie pamoja. Tafadhali usiibadilishe."

Alipoondoka nikachukua futi, nikapima kiti hadi sabufa, nikaibadilisha. Sauti ikawa ovyo. Nikarudisha mita saba na sikumwambia mtu.

Kabla hajaondoka, fundi alikuwa ameyapapasa magunia. "Haya yanatusaidia sana," akasema. "Mpunga unaimeza ile sauti nzito isivume. Risiva imepima chumba pamoja na magunia yake. Siku ukiuza, niite tupime upya, maana kitakuwa chumba kingine."

"Kuuza kwangu kunakuhusu nini?"

"Hakunihusu, mzee," akasema, akavaa viatu.

Na sauti ikatoka, jamani! Acha nisiwe mnyimi wa sifa. Siku ya kwanza tulitazama sinema yenye mvua, mke wangu akakimbia uani kuanua nguo. Ukigongwa mlango kwenye sinema unageuka kutazama wa kwako. Nikaiweka ile maikrofoni kwenye kopo la majani ya chai, nikalifunga kabatini, maana sikuwa nimeamini kwamba inajiambia yenyewe.

Miezi ikaenda. Mke wangu alikuwa akienda Mlimba mara moja kwa mwezi kumwona dada yake, aliyesema anaumwa mguu. Usidhani sikushuku. Nilimpigia simu huyo shemeji yangu, akanieleza habari za mguu wake kwa kirefu, kutoka kidoleni hadi nyongani, mpaka nikaomba udhuru. Nikaridhika.

Mvua za kwanza zilipoanza, ndipo sabufa moja ikaanza kuumwa. Kila sauti nzito ikipigwa, kunasikika kitu, krrr, krrr, kama mtu anayesaga meno. Na muziki wenyewe ukawa unavuma bila mpangilio. Nilishuku panya. Nikashuku umeme. Nikashuku mdogo wangu, kwamba alijua tangu mwanzo ni mbovu ndiyo maana akanipa bure. Mwisho nikatulia kwa fundi. Zile dakika kumi! Nilipompeleka jogoo! Alikuwa peke yake na sabufa, bisibisi mkononi. Kwa nini nimpeleke jogoo mimi na si yeye? Kadiri nilivyoyazungusha maneno hayo ndivyo yalivyozidi kuwa kweli.

Nikamfuata dukani, wateja wamejaa, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia ameninyofolea spika nzima akaniwekea mbovu, kwamba upole wake naujua ni wa namna gani, na kwamba mimi nimekamata wezi kabla yeye hajajua kushika waya. Fundi akaweka bisibisi mezani.

"Mzee wangu," akasema, "sijawahi kuitwa mwizi tangu nizaliwe. Lakini nitakuja Jumapili. Nikikuta tatizo ni spika, utachukua mpya hapa dukani, bure. Nikikuta siyo, utarudi hapa useme mbele ya watu."

"Nitasema," nikajibu.

Jumapili hiyo mke wangu hakwenda kanisani. Alisema kichwa kinamuuma.

Fundi alikuja, akanisalimia kama kawaida. Akaitoa sabufa ile nje, akaivutia waya mrefu, akapiga mlio mzito. Safi kabisa, haina hata chembe ya mkwaruzo. Akairudisha ndani, pale pale ilipokuwa, akapiga mlio ule ule. Krrr. Akaniomba maikrofoni. Nikafungua kabati, nikatoa kopo, yeye akainusa harufu yake ya chai, akaichomeka. Tukatoka dirishani kama siku ile. Alipolinganisha kipimo kipya na kile cha zamani alichokuwa amekihifadhi, alikuna kidevu.

"Mzee, hiki si chumba tulichopima."

"Ni sebule yangu hii hii."

"Sawa. Lakini umeuza mpunga kidogo?"

"Sijauza hata punje! Unaona mwenyewe."

Hakubishana. Akaacha mlio mmoja mzito ukilia bila kukoma, akatembea taratibu kando ya magunia, sikio limeelekea kwenye ukuta ule. Katikati akasimama.

"Huku nyuma kuna mlango?"

"Upo, lakini haufunguki. Umeegemewa na mpunga."

"Mlango ulioegemewa na mpunga hautetemeki, mzee. Huu unatetemeka."

Jikoni kulikuwa na sauti ya mwiko kwenye sufuria. Ikakoma.

Nilizunguka uani, nikaingia stoo. Nilisukuma pembeni magunia ya mkaa, nikaushika mlango. Miaka yote hiyo nimekagua mafundo, nimekagua madirisha, na sikuwahi kufikiri kwamba mlango ule unafungukia upande wa stoo. Ukivuta, unakuja wenyewe. Nikavuta. Mbele yangu palikuwa na pengo la upana wa mlango, kutoka chini hadi juu. Magunia sita ya safu ya nyuma hayakuwepo. Nyuma ya pengo, migongo ya magunia ya safu ya mbele, yamesimama yenyewe, mafundo yangu yote upande wa pili salama salimini. Mtunza stoo wa miaka ishirini! Nikakaa juu ya mkaa.

Niliporudi ndani fundi alikuwa anakunja nyaya zake. Aliniangalia usoni mara moja tu.

"Mimi nafunga spika, mzee. Mengine siyajui," akasema, akaaga.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi."

Hakulia, hakuinamisha kichwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Umeupeleka wapi?"

"Unajua ulikokwenda."

"Na dada yako, na mguu?"

"Mguu wa dada yangu ni mzima. Nilikuwa nakoboa hapo kwa jirani ukiwa shambani, nashuka Mlimba na mchele. Tangu mwezi wa nane."

"Nilisema nini mimi mbele ya watu?"

"Ulisema, na nilisikia vizuri sana. Mjukuu wako anashinda na uji wa chumvi, wewe unapima sabufa."

Nilimwita mwizi. Naandika kwa sababu nilisema, na sina namna ya kulifuta. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimewaita wezi watu wawili, na wa pili nimeishi naye tangu sina mvi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akarudi kwenye sufuria yake. Chakula nilichopakuliwa sikukigusa.

Kesho yake asubuhi nilivaa shati la kwenda mjini. Nikapita kwanza dukani kwa fundi, nikasema mbele ya wateja kwamba spika ni nzima, fundi ni mwaminifu, na mimi nilikosea. Akanipa mkono.

"Na aliyechukua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Naenda kumaliza hilo jambo sasa hivi," nikasema, nikapanda gari la Mlimba.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga ya kumwambia binti yangu, nikapanga ya yule mwanamume wake kama ningemkuta. Kwamba nilichosema nimesema. Kwamba chakula cha kuibiwa hakibariki mtu. Kwamba wamemgeuza mama yake kuwa mchukuzi wa siri. Tulipopita Mchombe nilitazama upande wa pili ili nisilione shamba langu, nisije nikapoa.

Nyumba nilielekezwa na watu karibu na reli. Vyumba viwili vya tofali mbichi, bati limewekewa mawe. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini anapeta mchele kwenye ungo. Mchele wangu, niliujua kwa macho. Aliponiona aliuweka ungo chini kwa uangalifu, isimwagike hata punje, kisha akaja mbio, na hatua chache kabla ya kunifikia akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Amekonda, shingo imebaki mishipa. Moyo ukanipasuka pale pale, lakini nilikuwa nimekuja na jambo langu, nikaling'ang'ania. "Nimekuja kwa habari ya mpunga," nikasema.

"Najua, baba."

Akageuka akamwita mtoto aliyekuwa anachungulia nyuma ya mlango, wa miaka kama miwili, tumbo wazi. "Njoo umwamkie. Ndiye huyu, babu wa wali."

Mtoto akaja, akaweka kiganja kichwani kwangu badala ya mimi kuweka kwake, maana nilikuwa nimechuchumaa bila kujua. "Kamoo babu wa wali," akasema.

"Mama alituambia ni wewe unayetuma," binti yangu akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Alisema hutaki itajwe, nisipige simu kushukuru, kwamba siku ukiwa tayari utakuja mwenyewe. Nikamwambia sawa, nitangoja. Kila mwezi ukija mchele nauliza, baba amesemaje, ananijibu, baba yako hana maneno, tazama mkono wake. Nimengoja tangu mwezi wa nane, baba. Leo umekuja."

Majirani wawili walikuwa wamesimama kando, wananitazama kwa heshima, nao walikuwa wameambiwa. Mlimba nzima ilijua kwamba nimemsamehe binti yangu. Mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari. Yale maneno niliyoyapanga tangu Ifakara niliyatafuta, sikuona hata moja la kusema mbele ya mtoto yule. Binti yangu alikuwa bado amepiga goti, anangoja nimwambie neno.

Nikamshika mkono, nikamwinua.

"Mama yako naye," nikasema, "nilimwambia asiseme."